Aliyeniita Mama

Tulimzika baba wa kambo wiki jana kule Ishiara, na vumbi la ndengu bado halijanitoka puani. Ni msimu wa kupura. Nilipopita uani nikaona maganda yametandazwa kwenye turubai, nilisimama.

Niliingia boma hilo nikiwa mdogo, nimeng'ang'ania gauni la mama, tukitoka Embu mjini, mama akija kuolewa mara ya pili. Unajua mambo yetu: mtoto hupewa jina la babu au nyanya, kisha huitwa kama mwenye jina. Dada yangu wa kambo alibeba jina la nyanya, mama mzazi wa baba wa kambo, kwa hiyo baba alimwita Mama. Kaka alibeba la babu, na nyanya akamtania, "Mume wangu, leta kuni." Langu lilitoka kwa watu wa yule aliyenizaa akatuacha, watu wasiojulikana pale. Nyanya aliniita mtoto wa mgeni. Hakuninyima kitu, sahani yangu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ilijaa kama za wenzangu. Ila niliila nikitazama mlango.

Siku moja tukipura ndengu kwa fimbo, baba alisimama akapangusa jasho.

"Mama, kuja unywe maji."

Dada akainuka.

"Si wewe. Huyu."

Nyanya aliacha kupepeta. "Huyo hana jina langu."

"Najua," baba akasema. "Lakini ni mama pia."

Nyanya akarudia ungo wake. Mimi nilikunywa yale maji polepole, sikutaka yaishe. Jioni nyanya aliniita nimchambulie mawe kwenye ndengu, na neno mgeni sikulisikia tena kinywani mwake.

Kwetu mvulana wa pili hupewa jina la baba wa mama. Nilipompata wangu, jamaa walinong'ona kwamba damu ni damu, nimpe la yule aliyenizaa. Nilimpa la baba wa kambo. Alipoambiwa alivua kofia, akakaa nayo magotini.

Sasa nyanya hayupo, naye baba hayupo, na fimbo zimeegemezwa ukutani. Nyumbani naitwa mama kutwa nzima na niliowazaa, wana haki yao. Baba hakulazimika kuniita hivyo, na inaniuma kwamba sikuwahi kumwambia nilivyoyanywa yale maji.

Jana jioni nilipakua chakula, nikamwita mwanangu kama inavyotakiwa.

"Baba, njoo ule."

Akaitika papo hapo. Nikageukia jiko asinione uso.