Nauli ya Kurudi Mulungwishi

Hesabu ya nyumba ya Arlette haikuwa ngumu, mtoto wa darasa la nne angeimaliza. Mume wake Octave, mchomeleaji wa vyuma katika kiwanda cha kusafishia shaba, alileta dola mia mbili na thelathini kwa mwezi. Yeye mwenyewe, duka la dawa lilimpa tisini kwa kusimama kutwa nzima. Kodi sitini, chakula na makala ya kupikia mia na thelathini, taxi-bus thelathini, kreshi ya kushindia watoto wawili hamsini. Hapo zingebaki hamsini, na watu wa Likasi wanaobakiwa na hamsini mwisho wa mwezi si wengi. Lakini kulikuwa na Papa Gracien.

Papa Gracien hukopesha watu wa sokoni, na si mtu mbaya, tusimsingizie. Anachotaka ni pesa zake tu, siku yake ikifika. Mwaka uliotangulia Arlette alichukua kwake pesa za friza na katoni za samaki wa barafu, auzie nyumbani. Juma la tatu transfo ya mtaa ikaungua, umeme ukakosekana siku sita, na samaki wote wakaishia kwenye shimo nyuma ya choo. Octave alilichimba lile shimo mwenyewe, akalifukia. Afadhali angefoka. Friza ikauzwa nusu bei, na deni likabaki la kulipwa dola mia kila mwezi.

Kwa hiyo kila mwezi hamsini zilipungua. Arlette alikuwa akiziziba kwa kuomba avansi dukani, mshahara kabla ya siku yake, mpaka mwezi wa kumi patron wa duka akamwambia avansi zimekwisha. Bado miezi mitatu deni liishe. Hamsini iliyopungua ilikuwa sawasawa na hamsini ya kreshi, kila mtu angeiona. Ila kazi hakuweza kuiacha, na Emmanuella alikuwa na miaka minne, Jeancy hajatimiza miwili. Wangebaki na nani? Ndipo akamkumbuka mama mkwe.

Mama Émérence alikaa peke yake karibu na Mulungwishi tangu afiwe na mumewe. Shamba lake la mahindi lilimlisha mwaka mzima, na kila mwezi wa sita alimtumia mwanawe gunia moja. Sasa, kumwambia mama mkwe, "Njoo unilelee watoto, pesa imenishinda," Arlette aliona ni kumgeuza mfanyakazi wa nyumbani. Pia ingembidi aseme habari za samaki, na aliamini huko hazijafika. Basi akapiga simu na sauti tamu.

"Mama, batoto banawalilia. Mukuye mutusalimie, hata juma moja tu."

"Juma moja iko muzuri," akasema mama mkwe. "Minye nitakuya."

Hapa lazima nieleze jambo. Katika watu wa kina Octave, mama mkwe aliyekuja kusalimia hasemi, "Nataka kurudi." Ni kama kumwambia mke wa mwanawe kwamba ameikinai nyumba yake. Husubiri asindikizwe: atiwe nauli mkononi, na kitenge kipya, sukari, sabuni. Akirudi mikono mitupu, kijiji kizima kitauliza huyo mwana aliyeko mjini ni mwana gani. Usiposindikizwa, unakaa. Arlette alilijua hilo. Unasikia? Alilijua kabla hajaishika simu.

Juma likapita, na la pili. Mama Émérence aliamka kabla ya wote, akaogesha watoto, akasonga bukari, ule ugali wa mchana, akamlaza Jeancy mgongoni. Kreshi waliambiwa watoto wana bibi yao sasa. Mwisho wa mwezi dola mia za Papa Gracien zikatimia bila kumwomba mtu. Siku ile Arlette alikula kwa hamu kubwa, ila hakuinua macho kumtazama aliyepika.

Kisha mvua zikaanza, zile mvua kubwa za mwezi wa kumi na moja. Mama Émérence akasimama mlangoni na mtoto mgongoni, akiangalia maji yanavyoingia udongoni.

"Mama Emmanuella, kule kwetu nako mvua ilishanyesha?"

"Sijue, Mama."

Swali halikuwa la mvua. Mulungwishi si Ulaya, ikinyesha Likasi huko nako wanaloa. Mama mzima alikuwa anaomba nauli, kwa njia pekee aliyoruhusiwa kuombea, na Arlette alimwelewa vizuri sana. Akaenda kuosha sahani.

Octave naye aliona. Siku moja alirudi na pesa za saa za ziada, faranga elfu sitini, akazitia zote mkononi mwa mkewe. "Mama anataka kupanda mahindi. Umufungie safari yake." Na Arlette alikuwa na nia, nakuapia. Lakini juma lile Jeancy alishikwa na malaria, dawa hata duka unakofanyia kazi hazitoki bure, na mia ya Papa Gracien ikapungua. Elfu sitini zikaenda huko. Octave alipouliza, Arlette akajibu, "Mama anasema atakaa bado kidogo. Batoto bamemuzoea." Octave akafurahi. Mwana gani asiyefurahi kusikia mama yake amestarehe kwake?

Uongo huo ulimkaa Arlette kifuani. Jumapili kanisani, wakati wa kila mtu kutubu kimoyomoyo, alianza na dhambi ndogondogo, hasira, masengenyo, akizivuta makusudi mpaka mchungaji aseme amina kabla zamu ya ile kubwa haijafika.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia, mama mkwe alijaribu tena. "Mbegu zangu niliziacha ndani ya nyumba. Panya hazitaziacha."

"Panya za mwaka huu ni kali, Mama," akasema Arlette. Jibu gani hilo? Alijichukia kabla hajalimaliza. Tangu siku hiyo mama mkwe hakuuliza tena, na kule kunyamaza kukamwelemea Arlette kuliko maswali. Kila anayelima alishajua: mahindi usiyoyapanda mpaka sasa, huyavuni.

Jumamosi ya mwisho wa mwaka alilipa mia ya mwisho. Papa Gracien akaichana karatasi ya deni mbele yake, akamtakia sikukuu njema. Arlette akapita sokoni moja kwa moja na pesa kidogo ya bonasi aliyopewa dukani. Akanunua kitenge, sukari kilo mbili, sabuni, akaweka nauli pembeni. Alipofika nyumbani mama mkwe alikuwa uani akichagua maharage, watoto wakicheza miguuni pake. Arlette akapiga magoti, akampa vyote kwa mikono miwili, na kabla ujasiri haujamtoka akasema yote: samaki, Papa Gracien, kreshi, mpaka zile elfu sitini za Octave.

Mama Émérence alisikiliza huku vidole vikiendelea na maharage.

"Ya samaki, Octave aliniambia tangu mwaka jana. Ya kreshi, Emmanuella aliniambia siku ya pili."

"Sasa Mama, juu ya nini hamukusema?"

"Nyumba ni yako. Nilingoja weye mwenyewe useme." Akatupa kijiwe pembeni. "Kama ungeniambia ukweli siku ile ya simu, ningengoja mvua, ningepanda kwanza. Juma mbili tu. Halafu ningekuya kukaa na batoto mupaka weye unichoke."

Juma mbili. Juma mbili za kreshi ni dola ishirini na tano, hata Papa Gracien angemvumilia. Shamba lile hutoa magunia kumi na mawili.

Mama mkwe akakikunja kitenge vizuri, akashukuru, lakini nauli akaisukuma irudi. "Hii uweke. Nitaenda kufanya nini? Shamba ni majani. Nitakaa na batoto mupaka mwezi wa kumi, nirudie kupanda."

Na hapo, kabla ya aibu, kabla hata ya asante, furaha ikampanda Arlette kifuani: kreshi hatulipi mpaka mwezi wa kumi. Ilikuja yenyewe, haraka, na hesabu yake tayari imefanywa. Alipotambua ni nini kilichomfurahisha, machozi yakamtoka, akalia mbele ya watoto bila kujificha.

Mama Émérence akaweka ungo chini, akamshika bega. Alidhani analilia shamba.

"Nyamaza, mutoto yangu," akasema. "Mahindi tutauza."

Kwa Kiswahili cha Likasi "kuuza" ni kununua pia, na mnunuzi, wote wawili walijua, atakuwa Arlette.