Rhobi wa Nyanungu: alishinda mbio, akaambiwa zirudiwe, akakubali

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Hii sikusimuliwa na jamaa wa jamaa. Nilikuwepo uwanjani, taulo la huyo binti lilikuwa begani kwangu. Nimebadili majina tu.

Kila mashindano ya ukanda wetu yakiisha, humu jukwaani tunajua kinachofuata. Mtu anabandika jedwali la medali. Kenya juu kabisa, Uganda hapo chini yake, sisi unascroll mpaka kidole kinachoka. Halafu matusi: wavivu, watalii, wamekwenda kula posho.

Na mimi nilikuwa humo humo kwenye kutukana, mpaka niliposafiri nao.

Mimi ni mtu wa Lindi, serikali ikanipeleka kufundisha sekondari moja huko Nyanungu, Tarime vijijini. Kikurya chenyewe mpaka leo naokoteza. Nikapewa somo la historia, na kwa kuwa nilikuwa kijana, nikabandikwa na michezo.

Hapo ndipo nikampata Rhobi. Binti wa kidato cha tatu, mrefu, maneno machache. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko upande mmoja, mistari tunachora kwa majivu, na ng'ombe wakipita lazima tuwapishe. Kengele ya mzunguko wa mwisho hatuna. Kwa hiyo Rhobi alizoea kukunja kidole kila akimaliza mzunguko.

Akashinda wilaya, mkoa, taifa. Akaitwa timu ya shule za Tanzania, mita elfu tatu, mashindano yapo nchi jirani. Nikaenda kwa baba yake, Mzee Chacha, kuomba ruhusa.

Mzee akaniuliza, "Mwalimu, huko anakokwenda kukimbia, anamkimbia nani?"

Nikamwambia hamkimbii mtu, anashindana. Akacheka, akaruhusu. (Mama yake alisharuhusu siku nyingi, ila hiyo tusimwambie mzee.)

Tukafika. Wakuu, wiki ile ilikuwa chungu. Kila siku wimbo wa taifa wa wenzetu. Kwenye riadha hatukuwa na medali hata moja. Vijana wetu walikuwa wanapita pembeni kwenye bwalo la chakula kama wageni wasioalikwa.

Ikabaki fainali ya Rhobi.

Mle ndani kulikuwa na binti wa Kenya anaitwa Boke, ndiye aliyekuwa anaogopwa. Wakati wanapasha misuli nikawasikia wanaongea Kikurya! Kumbe Boke kwao ni ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari, upande wa pili.

Mbio zikaanza. Rhobi akakaa nyuma ya Boke, katulia. Ghafla kengele ikagongwa. Wote wakafyatuka kama wamechomwa. Rhobi hakubadilisha mwendo.

Nikapiga kelele, "Rhobi! Kengele! Ondoka!"

Akapita mbele yangu, akaninyooshea vidole viwili.

Sikuelewa. Wenzake wakafika kwenye mstari, Boke wa kwanza, wengine wakajibwaga chini. Ndipo waamuzi wakaanza kupunga mikono: bado mzunguko mmoja! Kengele ilikuwa imegongwa mapema. Waliolala wakainuka wanayumba. Rhobi alishawapita, akamaliza peke yake.

Wakuu, niliruka nikapoteza kiatu. Dhahabu!

Furaha ikadumu mpaka jioni. Kenya na Uganda wakaweka protest, wakasikilizwa: mbio zirudiwe kesho asubuhi.

Mkuu wa msafara wetu akawaka. "Haturudii! Kosa si letu. Tunasusa, na medali tunaidai."

Nilikuwa upande wake asilimia mia. Tukamfuata Rhobi kwenye hosteli, tukamkuta anaosha miguu kwenye beseni. Tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, wale walidanganywa na kengele," akasema. "Nikikataa, nikifika nyumbani nitasema nimemshinda nani?"

Mkuu wa msafara akamwambia, "Binti, kesho unaweza kukosa kabisa. Unalijua hilo?"

"Najua. Miguu inauma. Na yao inauma."

Tukatoka pale hatuangaliani.

Asubuhi wakakimbia tena. Safari hii kengele iligongwa mahali pake. Rhobi akaongoza, Boke nyuma yake kama kivuli. Kona ya mwisho Boke akatokea upande wa nje ampite, wakaenda bega kwa bega mpaka nikafumba macho. Niliposikia kelele za Wakenya nikajua.

Fedha.

Lakini sikilizeni. Wale Wakenya waliposhangilia mtu wao, wakaendelea kusimama, wakampigia makofi Rhobi alipopita. Waganda nao wakasimama. Boke akamshika mkono, wakazunguka uwanja pamoja. Nikamuuliza Rhobi baadaye, alikuwa anakwambia nini?

"Ananishukuru nimekuja."

Ile ndiyo ilikuwa medali yetu pekee ya riadha. Kwenye jedwali ni alama moja tu, ukiscroll haraka huioni.

Tuliposhuka stendi ya Tarime, Mzee Chacha alikuwa amesimama na koti lake la kanisani. Akaipokea medali, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni ya pili. Ya kwanza amechukua nani?"

Rhobi akamtajia jina la Boke, kijiji, na ukoo. Mzee akaanza kucheka mpaka bodaboda wakageuka.

"Ukoo wetu huo! Basi, Mwalimu, zote mbili zimekuja nyumbani."

Nilichojifunza wakuu: jedwali linakwambia nchi imepata nini, halikwambii imepeleka watu gani. Rhobi sasa ni nesi, na bado anakimbia asubuhi kabla ya zamu. Mimi sijawahi kutukana timu tena.

Nanyi mliowahi kusafiri na timu zetu, au mlio na ndugu aliyewahi kuvaa ile jezi, mtajeni hapa tumjue. Wa kukosoa pia karibuni, ila kwa adabu.