Mke wa Mpagazi katika Sura ya Mwisho

Laiti ningekataa. Mjukuu wangu wa kidato cha nne aliniomba nimchambulie wahusika wa riwaya ya zamani kuhusu mpagazi wa misafara. Nilikubali, ingawa nilikuwa nimesoma muhtasari tu kwenye simu.

“Mke wa mpagazi ni mhusika bapa,” nilimwambia barazani kwetu Cheyo. “Habadiliki. Kazi yake kumngoja mumewe.”

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Naye aliningoja miaka mingi nilipofanya kazi Kaliua, nikija nyumbani nipendapo.

“Mwisho umeusoma, mzee?”

“Mwisho naujua.”

“Haya, mwalimu,” alisema, akacheka peke yake.

Wiki ile mjukuu alimsomea bibi yake sura ya mwisho mara tatu. Sikusikiliza.

Asubuhi moja niliamka nyumba ikiwa kimya. Ua ulikuwa umefagiliwa, mtungi umejaa hadi ukingoni, na kiti changu kimegeuzwa kutazama ukuta. Nilidhani yuko sokoni. Adhuhuri nilikifungua kile kitabu. Mke wa mpagazi anafagia ua, anajaza mtungi, anageuza kiti cha mumewe kitazame ukuta, kisha anaondoka bila kuaga. Niliogopa hata kugeuka nikione changu.

Nilimfuata Usoke kwa dada yake. Alizungumza nami akiwa nyuma ya mlango. “Ya Kaliua nilishakusamehe, mzee. Lakini kumbe ulidhani nangoja tu.”

Hakurudi. Maneno yale ya barazani yalinipotezea mke, na sasa naishi peke yangu.