Anayeotesha misave kwenye mawe ya volkano

Saa moja asubuhi, Élodie Mirindi anagonga jiwe kwa mtaimbo. Anagonga tena, anachungulia shimo, anatabasamu. Limefika kina cha goti.

"Hapa muti utakaa," anasema, na kumwita mwenzake, Uwingabire, alete udongo.

Udongo wenyewe umetoka mbali. Huku Lac Vert, mtaa wa kando ya ziwa kwenye barabara ya Goma kwenda Sake, ardhi ni mawe meusi ya volkano yenye ncha za kukata kandambili. Udongo unaletwa kutoka vilimani kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu. Kila shimo linameza makarai matatu kabla ya kupokea mche mmoja.

Mche huo ni wa musave, mti wa asili wa nchi hii, wenye maua ya njano na majani mabichi mwaka mzima.

"Ukiupanda mwaka hii, mwaka ingine unakupita urefu," anasema Élodie, ambaye hakika si mrefu.

Ana miaka 47 na watoto wanne. Alitoka upande wa Bukavu akiwa bibi harusi, na kwa muda mrefu aliishi kwa kuotesha miche ya kabichi. Mwaka 2019 upepo wa ziwani uling'oa mabati ya shule ya msingi ya mtaani kwake, mara ya tatu mwaka huo. Mwalimu mkuu, Niyitegeka, aliwaita wazazi wachangie misumari. Élodie akasimama na kuomba apande miti upande wa ziwa.

"Bazazi balicheka! Baba mumoja alisema: Mama Élodie, unataka kupanda muti ku jiwe? Panda basi na samaki."

Kwa misimu miwili ya mvua alipanda misave 140. Mbegu, nyembamba kama karatasi, alizitoa kwenye mti wa zamani wa parokia, akiziwahi kabla maganda hayajapasuka. Mwaka wa tatu miti ililipita paa, na mabati yakatulia. Wakaja pia chozi, ndege wadogo wa mdomo mrefu, kufyonza maua.

"Batoto banahesabu ndege mu dirisha," anasema mwalimu Niyitegeka. "Nikiuliza hesabu ya ubao, hakuna mutu anajua."

Kisha vita vikapamba moto Masisi, milimani ng'ambo ya Sake. Mwanzoni mwa 2023 watu waliokimbia walijaza mahema kuizunguka shule, na kuni hazikupatikana. Asubuhi moja Élodie alisikia panga likikata. Akakimbia na jembe mkononi. Alimkuta mwanamke mwenye mtoto mgongoni akiukata mti mkubwa kuliko yote. Ndiye Uwingabire.

"Nilimupigia kelele: Weye mama, unaua muti yangu!"

Uwingabire hakukimbia. Alinyoosha kidole kwenye sufuria yake. Ndani yake mlikuwa na maharage yaliyolowekwa tangu jana.

"Nilimujibu: Mama, batoto balilala njaa. Nipike na nini? Na mawe?"

Élodie anasema alitazama sufuria, akatazama mti, akakaa chini na kulia. Kisha akainuka na kulichukua lile panga. Uwingabire alidhani atapigwa. Badala yake Élodie aliuinamia mti wa pili na kuukata mwenyewe kwenye usawa wa goti, kwa mshazari ili mvua isituame kwenye kisiki.

"Nilimuonyesha: kata hapa, usiguse muzizi. Musave ukikatwa vizuri unarudi."

Wiki ile alipita hema kwa hema akifundisha mkato huohuo. Baada ya miezi minne, miti 121 ilikuwa imekwenda. Mumewe alimshauri arudie kabichi zake, na Élodie akaacha kabisa kupita njia ya shuleni.

Mvua za Septemba ziliponyesha, Uwingabire ndiye aliyekuja mbio hadi mlangoni. "Mama Élodie, kuya uone!"

Visiki vilikuwa vimechipua, vingine machipukizi sita. Kati ya vile 121, vilivyopona ni 108. Wanawake hao wawili walipunguza machipukizi, wakaacha mawili kwa kila kisiki. Hawajaacha kufanya kazi pamoja tangu siku ile. Leo miti imelipita tena paa, na kitaluni kwao kuna miche elfu tatu ndani ya viriba vyeusi. Wakazi wa Goma wananunua kwa ajili ya kivuli na kukinga upepo, na kila mche unauzwa faranga 500.

"Inatosha masomo ya batoto na sabuni," anasema Élodie. "Zamani kabichi haikutosha hata sabuni."

Sasa Uwingabire anajiandaa kurudi Masisi, ambako mumewe amejenga upya nyumba iliyoungua. Ataondoka na miche mia mbili, aipande kuzunguka boma na malishoni, ng'ombe wapate kivuli.

Élodie alimwambia achague bure, mikubwa mikubwa. Anakiri kwamba hapendi aondoke. "Nitabishana na nani asubuhi?" anauliza.

Amepanga kumtembelea Noeli ijayo, aone kama miche imeshika. Hajawahi kufika Masisi maishani mwake.

"Nasikia maziwa ya kule ni mazuri," anasema, akimtazama rafiki yake kwa pembe ya jicho.

Uwingabire anacheka hadi anaweka karai chini. "Kuya na bido, ile dumu ya litre makumi mbili," anamwambia. "Na usituambie eti uko na haraka ya kurudi."