Kidole cha Primitiva

Kadi ya kusafiria ya mke wangu nilipewa siku mbili baada ya kumzika. Kwetu, siku ya nane tangu kifo nguo za marehemu hufuliwa mtoni kisha huchomwa, ili vitu vyake vimfuate aendako. Basi nilikuwa na siku nne za kuamua: nibaki na kadi mimi, au impate mwenyewe.

Primitiva alifagia chuo kikuu miaka kumi na tisa. Sisi tunakaa mji wa El Alto, juu mlimani. Chuo kiko La Paz, chini bondeni. Alfajiri alishuka ngazi kwa miguu, jioni akazipanda. Ngazi zile humkata pumzi hata kijana. Magari ya waya yalipoanza kuning'inia juu ya mapaa, alipita chini yake akiyatazama. Nauli ya kwenda na kurudi ni mkate wetu wa siku mbili.

Wanafunzi walipunguziwa nauli. Baadaye chuo kikatangaza kadi ya bure kwa wafanyakazi wake, hata wafagiaji. Sharti ni moja: utie sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Nikamkataza.

Baba yangu aliweka dole gumba kwenye karatasi ya mwenye shamba. Aliambiwa ni ya kuhesabu kondoo. Mwezi uliofuata tulikuwa barabarani, sisi na kondoo. Tangu hapo nyumbani kwetu dole haliwekwi.

"Fortunato," aliniambia Primitiva, akijikanda magoti, "ardhi gani uliyobaki nayo wewe? Wachukue vumbi la mvunguni?"

"Hao wana namna yao, mama."

"Haya, kesho unibebe mgongoni, bwana mwenye ardhi."

Tukacheka. Asubuhi akaenda kwa miguu. Ikawa hivyo miaka minne.

Mwaka huu, mwezi wa sita, baridi kali, niliona dole gumba lake limeiva zambarau. Nikamuuliza.

"Mahindi hayo," akasema. "Si nilikuwa napika uji?"

Uji wa mahindi ya zambarau alipika maisha yake yote, wala dole halikuwahi kushika rangi vile. Nikaamini.

Jumanne moja hakurudi. Walimkuta ameketi kwenye ngazi, furushi mgongoni, kofia imekaa sawa kichwani. Watu walimpita wakidhani anapumzika.

Tulimzika Jumatano. Ijumaa nikaenda chuoni kuchukua vitu vyake. Binti wa ofisini, Maribel, akanipa aproni na kikombe. Halafu akatoa kadi.

"Ilikuwa tayari tangu Jumatatu, mzee. Nilikuwa nimeshamwambia aje leo kuichukua."

"Si yake hiyo. Yeye hakuweka dole."

"Aliweka. Mimi mwenyewe nilimshika mkono. Alicheka sana, akasema, 'Mume wangu akiliona dole hili, atafunga mizigo tuhamie barabarani.'"

Nikaitazama. Kwenye picha Primitiva hana kofia, maana ofisi haitaki kofia. Nywele zake zile, zimegawanywa katikati, nilikuwa nazijua mimi tu. Picha nyingine hatuna ila ya harusi, na humo ameinama.

Maribel akashika mkasi. "Kadi ya marehemu hukatwa, mzee. Ndiyo amri."

Aliniangalia, kisha akaurudisha mkasi kwenye droo.

"Nenda nayo. Mimi nilikuwa nakunywa chai, sikukuona."

Siku nne niliiweka kwenye mfuko wa shati. Wakati wa kula niliiegemeza kwenye kikombe chake.

Siku ya nane tukaenda mtoni. Asunta, dada yake, ndiye aliyefua. Nguo zikakauka, tukawasha moto. Sketi zikaingia, shali ikaingia. Vikabaki aproni na viatu. Asunta akavigeuza viatu. Soli ya kushoto ilitoboka, ndani mwenyewe alitia kipande cha katoni.

"Jamani dada yangu," Asunta akasema. "Na huko nako aende na hivi?"

Nikaitoa kadi.

"Shemeji, plastiki hiyo. Itanuka."

"Inuke."

"Na picha je? Utabaki na nini?"

Nikausogelea moto. Asunta akaniletea aproni, akanifungulia mfuko.

"Basi tia humu. Usiirushe hivihivi. Unamjua, ataipoteza."

Nikatia, aproni ikaingia motoni. Plastiki ilijikunja, uso ukatangulia.

Jamaa walipanda na gari la waya. Asunta alitaka kunilipia, nikamwambia atangulie. Mimi nilipita kwenye ngazi. Ni ngazi ipi aliyokaa Primitiva, sikuwahi kuuliza, wala hakuna aliyenionyesha.

Nikakaa kila panapokalika.