Tulijaribu kila shamba kwenye gemu, mume wangu akafa hatuna hata kipande Karatu

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimesoma ule uzi wa vijana mnaobishana kwenye gemu za kilimo uanze na ramani ipi. Nimecheka, halafu nikajikuta nalia mbele ya wateja dukani kwangu. Basi acha na mimi niseme yangu. Sitatunga kitu. Humu kuna watu wa Karatu watanijua, na mkinijua naomba mnyamaze.

Wale wa "weka picha", picha hakuna. Someni.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa na kisteshenari Karatu mjini. Kuchapa barua, kutoa kopi, kupiga laminesheni vyeti vya watu. Mimi ni Mwiraqw, au Mmbulu kama wengi mnavyotuita, mzaliwa wa Qurus, kijiji cha huku huku Karatu. Mume wangu, baba Glory, alikuwa Mchagga wa Rombo, driver guide, anashusha wageni Crater ya Ngorongoro na kuwapeleka Serengeti. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya barabara kuu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinatunyima raha. Hatukuwa na ardhi.

Tulijibana mpaka tukapata cha kuanzia, na yalikuwepo mashamba mawili yanauzwa. La kwanza Qurus, jirani na shangazi yangu, tambarare, udongo mwekundu, jembe la ng'ombe linapita moja kwa moja. La pili juu kwenye mteremko karibu na msitu wa hifadhi, lina migomba michache na kijito, na nyati wanashuka kula wanavyotaka.

Mimi nataka Qurus. Yeye anataka mteremkoni.

"Hilo la kwenu ni uwanja wa ndege," ananiambia. "Nyie Wambulu mnapenda kulima mpaka macho yanachoka."

"Na lile lako ni la nyani. Utalima wewe, watavuna wao."

Ndivyo tulivyoishi, tunataniana tu. Yule bwana alikuwa na maneno, lakini alikuwa mpole jamani. Sijawahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba.

Sasa, masika moja, magari yamelala, low season, akaja na CD. Mgeni alimwachia kwenye gari akamwambia kaa nayo. Tukaiweka kwenye kompyuta ya kazi. Kumbe ni gemu ya kulima. Kabla hujafanya lolote inakuletea picha nne, uchague shamba la kuanzia: tambarare, kando ya mto, msituni, au mlimani.

Baba Glory akapiga makofi. "Mama Glory, ugomvi umekwisha! Tutajaribu humu. Shamba litakalotupendeza kwenye gemu, ndilo tunalonunua."

Nikaona wazo zuri. Kweli kabisa niliona ni wazo zuri.

Jumapili tukitoka kanisani tunafunga mlango wa duka, tunavuta viti viwili. Nikaanza mimi na tambarare. Nikapanda mistari imenyooka, nikavuna, nikaongeza kuku. Raha mustarehe.

Yeye akachagua mlimani. Nafasi ya kulima kiduchu, mawe kila mahali. Wanaocheza hizi gemu mnajua, hiyo ramani hachagui mtu mwenye akili zake. Na bado hicho kinafasi kidogo alikigawa. Nyuma ya nyumba aliacha eneo zima wazi, hapandi kitu.

"Hapo mbona hupandi?"

"Hapo ni pa watu."

"Watu gani?"

"Sisi. Kwetu mtu anazikwa kihambani, nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba. Shamba lisilo na pa kulala wenyewe siyo shamba, ni kibarua."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia baba, hii ni gemu, humu hafi mtu. Akacheka na yeye, lakini hakupanda.

Halafu akaja na ugonjwa mwingine. Hamalizi. Akifika katikati ya msimu anafuta, anaanza upya. "Ngoja tuone na ule wa msituni." Jumapili inayofuata, "Kando ya mto hatujaujaribu vizuri." Nikamwambia wewe kila wiki unaoa upya. Lakini ukweli ni kwamba na mimi nilinogewa. Zile picha nne zinapotokea, tunakaa tunaziangalia kama watu waliokwenda kuchumbia, kila mmoja anaeleza nyumba itakaa wapi, mlango utatazama wapi, Glory atacheza wapi. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kuliko pale.

Shangazi alinipitia dukani. "Yule bibi mwenye shamba la Qurus anauliza, mnachukua au hamchukui?"

Nikamjibu, "Shangazi, tunamalizia kuchagua."

Masika yakaisha. Wageni wakaanza kumiminika, baba Glory akarudi barabarani.

Safari moja alirudi kutoka Serengeti anatetemeka. Tukasema malaria, nani hajaugua malaria? Akalazwa. Daktari akaniita pembeni akaniambia imepanda kichwani. Wiki haikuisha.

Siwezi kuelezea hapa. Aliyefiwa anajua, ambaye hajafiwa Mungu amwepushe.

Ndugu zake wakaja kutoka Rombo. Msemaji alikuwa baba mdogo wake, mzee mstaarabu, nawaambieni mapema ili msianze kumtukana kwenye comments. Tukakaa sebuleni kwangu, pale pa kupanga. Nikasema mimi naomba mume wangu azikwe Karatu. Mimi na mtoto tuko hapa, kazi yake ilikuwa hapa, marafiki zake wote wako hapa.

Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu:

"Mama Glory, hatuna ugomvi na wewe. Lakini mtoto wetu hawezi kuzikwa uani kwa mwenye nyumba. Kama mna shamba lenu, hata kama ni dogo kama mkeka, tuonyeshe. Vijana watachukua majembe sasa hivi."

Nikafungua mdomo. Wakuu, nilikuwa nayaona mashamba yote. Nayajua mpaka mlango unatazama wapi. Nikasema "Tunalo..." nikakwama. Wote wananiangalia.

Nikatoka nje nikamshika shangazi mkono. Twende Qurus kwa yule bibi, nikamwambia, nikapige magoti atuuzie leo hii. Shangazi akanivuta akanikumbatia. "Mwanangu, umesahau mila? Kwetu mfiwa hakanyagi shamba la mtu. Utampelekea mkosi. Na nani atauza ardhi ianze na kaburi?"

Kwa Wachagga, hazikwi mtu pasipo na shamba lake. Kwetu, mfiwa haendi kuomba shamba. Nikabaki katikati kama mjinga.

Wakamchukua. Gari la ofisi yake ndilo lililombeba. Tukashuka Mto wa Mbu, Makuyuni, Arusha, Moshi, mpaka Rombo. Wakamzika nyuma ya nyumba ya baba yake, kwenye migomba. Ni pazuri, pana kivuli. Ndugu zake wananipokea vizuri mpaka leo, sina neno nao.

Lakini mimi nikitaka kumwona mume wangu nasafiri siku nzima, halafu nasimama getini napiga hodi. Hicho ndicho kinachoniuma, jamani. Kumpigia hodi mume wangu.

Baadaye nilinunua Qurus. Nimejenga. Nalima mahindi na mbaazi, Glory amekuwa mkubwa. Ile kompyuta iliharibika zamani na gemu sijaigusa tena.

Funzo langu kwenu ni fupi. Nyie mnaoulizana ramani ipi ni bora, humo kwenye gemu jaribuni mpaka mchoke. Nje ya gemu, shamba bora ni lile mlilolipata mkiwa wote wawili bado mnapumua. Lina mawe, lina nyati, chukua. Mtabishana mkiwa ndani yake.

Sasa nina swali, na ndilo limenifanya niandike.

Mwaka huu nilipokwenda Rombo nilimwambia baba mdogo, amezeeka sana sasa, kwamba siku yangu ikifika nizikwe Qurus, kwenye shamba langu mwenyewe. Akasema, "Sawa, mama, ni haki yako. Lakini hapa pembeni yake tulikuachia nafasi tangu siku ile. Hatujapanda kitu."

Nimerudi nayo hiyo Karatu na mpaka leo sijalala vizuri.

Wakuu, ingekuwa ni nyie mngechagua wapi? Semeni, nasoma zote. Matusi pelekeni kwenye uzi wa siasa.