Baba Hakunguruma

Leo nimehaririwa hadithi na mtu ambaye hajawahi kuandika hata moja: mama yangu, Mwaitu kwa Kikamba chetu.

Tuko jikoni hapa Mumbuni, Mwaitu anachagua ndengu, namsomea kisa cha siku baba alituacha.

"'Naenda na sirudi!' baba akanguruma."

Akainua kichwa. "Akanguruma? Kwani ni simba?"

Nikaweka "akafoka".

"Hakufoka."

(Msinicheke, hata "akabweka" nilijaribu.)

"Wewe ulikuwa mdogo," akasema. "Alisema tu. Hata chai alimaliza kwanza."

Waandishi, hapo mngefanya nini?

Mimi nilifuta, nikasoma upya: "'Naenda na sirudi,' baba akasema."

Mkono wake ukasimama kwenye sinia.

"Ehe," akasema. "Hivyo ndivyo ilikuwa."

Ndengu nimemalizia kuchagua mimi.